Watu walewale, jengo lilelile, gari tofauti: kisa cha kiwanda cha NUMMI

Kama umewahi kupanda Toyota Voltz, basi umepanda Toyota ambayo haikutengenezwa Japani. Ilitengenezwa Fremont, California, kati ya 2002 na 2004, ikapakiwa melini kwenda kuuzwa Japani, alafu ikatufikia huku Dar na Nairobi ikiwa mtumba. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kinaitwa NUMMI, na kwangu mimi hakuna kisa kinachofundisha usimamizi wa ubora vizuri kama hiki, maana ni nadra sana kupata sehemu ambayo jengo ni lilelile, wafanyakazi wengi ni walewale, chama cha wafanyakazi kilekile, kilichobadilika ni namna ya kuendesha kazi tu, na matokeo yakageuka kabisa ndani ya muda mfupi.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Hicho kiwanda kilikuwa cha General Motors, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 60 na kikafungwa 1982. Waliokifahamu wanasema kilikuwa kati ya viwanda vibaya kuliko vyote vya GM Marekani, na hata viongozi wa UAW wenyewe, yani chama chao cha wafanyakazi wa magari, hawakuficha kwamba wafanyakazi wa pale walikuwa na sifa mbaya kuliko wote kwenye sekta nzima ya magari. Utoro ulikuwa unafika kama 20% kwa siku, yani katika kila watu watano mmoja hayupo, na kuna Jumatatu laini, yani ule mstari wa kuunganishia magari, ilikuwa inachelewa kuwaka kwa sababu watu hawatoshi. Pombe ilikuwa inanywewa ndani, migomo ya ghafla isiyo na kibali cha chama, na malalamiko rasmi ya wafanyakazi dhidi ya menejimenti yalirundikana kwa maelfu bila kutatuliwa. Na kuna hii ambayo kila nikiifikiria inaniuma: watu walikuwa wanaweka chupa tupu za soda ndani ya mlango wa gari kabla hawajafunga ile kava, ili mteja akishanunua awe anasikia kitu kinagonga ndani kila akipita kwenye shimo na asijue ni nini. Fikiria mtu amechoka na bosi wake kiasi gani mpaka hasira zake anazimalizia kwa mteja ambae hata hamjui.

Ila sasa ukiangalia sheria kuu ya hicho kiwanda ndo unaanza kuelewa. Sheria ilikuwa moja, laini haisimami. Haijalishi umeona nini. Injini imekaa vibaya, kiti si cha gari hiyo, bolti imeingia upande, wewe acha ipite, huko mbele kuna watu wa kurekebisha. Anaesimamisha laini alikuwa anahesabika kama amefanya kosa kubwa. Kwa hiyo magari yalikuwa yanatoka mwisho wa laini na kasoro zake zote alafu yanajazana kwenye uwanja wa nje yakisubiri mafundi wa marekebisho wayafungue tena, na mara nyingine mtu anapofungua ili arekebishe kitu kimoja anaharibu kingine. Hapo unakuwa umelipa gharama mara mbili, ya kutengeneza na ya kutengenezua, na bado gari inamfikia mteja ikiwa na shida. Supavaiza alikuwa anapimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka kwenye zamu yake, kwa hiyo alichokifanya kilikuwa ni kile alichopimwa nacho.

GM wakafunga. Mwaka uliofuata, Februari 1983, mwenyekiti wa GM Roger Smith na Eiji Toyoda wa Toyota wakasaini makubaliano ya kukifufua kiwanda hicho kwa ubia. Kila mmoja alikuwa na shida yake. Toyota walikuwa wamebanwa na ukomo wa idadi ya magari ya Kijapani yanayoingia Marekani uliowekwa 1981, walitaka kujua kama mfumo wao unaweza kufanya kazi na wafanyakazi wa Kimarekani kabla hawajajenga kiwanda chao wenyewe. GM walikuwa hawajui kutengeneza gari ndogo kwa faida, walitaka kuona Mjapani anafanyaje. GM wakaleta jengo na mtandao wa kuuza, Toyota wakaleta gari lenyewe na kazi ya kuendesha kiwanda. Bosi wa kwanza alikuwa Tatsuro Toyoda. Toyota hawakuwa na hamu na chama cha UAW lakini baada ya mazungumzo wakakubali kukitambua na kuajiri wengi kutoka kwa wale waliokuwa wameachishwa, na mwishowe kama 85% ya wafanyakazi walioanza walikuwa ni watu waliowahi kufanya kazi pale pale Fremont. Wale wale wa chupa za soda.

Kabla ya kuanza, Toyota wakachukua kama watu 450, wengi viongozi wa timu na viongozi wa vikundi, wakawapeleka kwa mafungu Japani kwenye kiwanda cha Takaoka kilichokuwa kinatengeneza Corolla. Wakakaa huko wiki kadhaa. Hawakwenda kukalishwa darasani wasome vitabu vya ubora, ila waliwekwa kwenye laini bega kwa bega na Mjapani wakafanya kazi. Kilichowashtua wengi, kwa namna walivyosimulia baadae, hakikuwa mashine wala maroboti. Kilikuwa ni kuona mtu anakosea, anavuta kamba, na bosi anakuja anamuuliza nikusaidie nini. Mtu amefanya kazi GM miaka 15 hajawahi kusikia hilo swali.

Hiyo kamba naomba tukae nayo kidogo maana ndo moyo wa kisa chenyewe. Inaitwa andon. Inapita juu ya laini, kila mfanyakazi anaifikia kwa mkono. Tuseme wewe kazi yako ni kufunga mkanda wa kiti, kila gari inakaa kwako kama dakika moja, umefunga bolti tatu na ya nne imeingia vibaya, meno hayashiki. Unavuta kamba. Taa inawaka kwenye ubao juu kuonyesha namba ya kituo chako na muziki unalia. Laini bado inatembea. Kiongozi wa timu anakuja mbio, anaangalia, kama anaweza kukusaidia ikaisha kabla gari haijafika kwenye alama iliyochorwa chini, anavuta kamba tena na kazi inaendelea kama kawaida, hakuna kilichosimama. Kama haijaisha, gari ikifika kwenye ile alama laini inasimama. Baada ya hapo wanatafuta kwa nini bolti iliingia vibaya, je pembe ya kushikia mashine ni ngumu, je shehena ya bolti ilikuja mbovu, je muda hautoshi, na wanauliza kwa nini mpaka wafike kwenye chanzo.

Watu wengi wakisoma hapa wanaona kamba. Kitu cha kuangalia ni zile sekunde baada ya kamba kuvutwa. Bosi anakuja au haji? Akija anakuja na uso gani? Ukivuta mara ya kwanza ukatukanwa, mara ya pili huvuti, na jirani yako aliyeona hatavuta milele. Kamba itaning'inia pale na kasoro zitapita. Toyota walikuwa wamemkabidhi yule mfanyakazi wa kawaida kabisa, aliyeitwa mbovu kuliko wote Marekani, mamlaka ya kusimamisha kiwanda chenye thamani ya mamilioni ya dola, na wakahakikisha kila akiitumia anapata msaada. John Shook, ambae alikuwa Mmarekani wa kwanza kuwa meneja wa Toyota huko Japani na alihusika kuandaa mafunzo ya NUMMI, ameeleza vizuri kwamba hawakuanza kwa kubadilisha fikra za watu ili tabia zifuate, walianza na matendo, wakawapa watu namna mpya ya kufanya kazi na njia za kufanikiwa, na fikra zikabadilika zenyewe nyuma yake. Mimi naamini hapa ndo semina nyingi za ubora tunazozijua zinapokosea, watu wanahutubiwa siku mbili hotelini kuhusu utamaduni wa ubora alafu Jumatatu wanarudi kwa supavaiza yuleyule anaepigia kelele idadi.

Wazo la kusimamisha kazi kasoro ikitokea ni la zamani sana kwenye hiyo familia. Mzee Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma ya mwaka 1924 ambayo uzi ukikatika inajisimamisha yenyewe, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Na upande wa takwimu walijifunza kwa Mmarekani, W. Edwards Deming, aliyekwenda Japani 1950 kufundisha wahandisi na mameneja udhibiti wa ubora, mpaka ikaanzishwa tuzo kwa jina lake 1951 na Toyota wakaichukua 1965. Deming alikuwa anasisitiza miaka yote kwamba sehemu kubwa ya matatizo inatokana na mfumo na mfumo ni mali ya menejimenti, kwa hiyo kumkaripia mfanyakazi ni kupoteza muda. Kwao Marekani walichelewa kumsikiliza, walianza kumtafuta kwa wingi baada ya 1980 wakati Wajapani wameshawabana sokoni.

Tukirudi Fremont, kamba peke yake isingetosha. Kulikuwa na mambo mengine yaliyoishikilia. La kwanza ni namna kazi ilivyopangwa. Zamani wahandisi ndo walikuwa wanakuja na saa kumpima mfanyakazi, mfanyakazi anajifanya mzito makusudi ili muda upangwe mrefu, ni vita ya kila siku. NUMMI saa ikapewa timu yenyewe. Wanapimana wao kwa wao, wanalinganisha njia ya huyu na ya yule, wanachagua iliyo salama na rahisi zaidi, wanaiandika na kuichora kwenye karatasi inayobandikwa kituoni, na zamu zote mbili zinafanya hivyohivyo mpaka mtu apate njia bora zaidi. Hiyo ndo kazi sanifu, na hapa kuna kitu watu hawakielewi, wanadhani ukisanifisha kazi unamfunga mtu. Bila namna moja iliyoandikwa huwezi kujua kasoro imetoka wapi, kwa sababu kila mtu anafanya lake, na huwezi kuboresha kitu ambacho leo kipo hivi kesho kipo vile.

Lingine, na wengi wanalipita haraka, ni usalama wa ajira. Kwenye mkataba na UAW kampuni iliahidi haitapunguza watu mpaka hali iwe mbaya kiasi cha kutishia uhai wa kampuni, na kabla ya hapo mabosi wapunguziwe mishahara kwanza na kazi zilizotolewa kwa makampuni ya nje zirudishwe ndani. Ahadi ni ahadi tu mpaka ijaribiwe, na ikajaribiwa. Kati ya 1987 na 1988 gari yao ya Chevrolet Nova haikuuzika vizuri na kiwanda kikawa kinatumia kama 60% tu ya uwezo wake. GM ya zamani ingefukuza watu hata kabla ya mwisho wa mwezi. NUMMI hawakufukuza, waliwaingiza watu kwenye mafunzo na kazi za kaizen, yani kuboresha kazi kidogo kidogo. Sasa jiulize, mfanyakazi anaejua akipendekeza njia ya kupunguza kazi ya watu watatu iwe ya wawili basi rafiki yake atafukuzwa, atapendekeza? Hatopendekeza hata umwekee sanduku la maoni la dhahabu. Pale walikuwa wanapendekeza kwa maelfu, mwaka 1991 peke yake yalipita 10,000 na mengi sana yakatekelezwa.

Vyeo navyo vikapunguzwa. Wazalishaji wote wakawa daraja moja la kazi badala ya yale madaraja mengi ambayo yalimfanya mtu akatae kuokota ufagio kwa sababu si kazi yake kimkataba. Hakukuwa na sehemu ya kula ya mabosi wala paking ya mabosi.

Na matokeo? Gari ya kwanza, Nova, ilitoka Desemba 1984. Kati ya 1986 na 1987 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakalinganisha viwanda vitatu: cha GM kule Framingham, Massachusetts, kile cha Takaoka, na NUMMI. Framingham walihitaji kama saa 31 za kazi kuunganisha gari moja, Takaoka 16, NUMMI 19. Kasoro kwa kila magari 100, Framingham kama 130, Takaoka 45, na NUMMI 45 hiyohiyo. Stoo ya Framingham ilikuwa inashikilia vipuri vya wiki mbili, ya NUMMI siku mbili. Utoro ulishuka mpaka kwenye 3% hivi. Na kiwanda hakikuwa na teknolojia ya ajabu, wakati huohuo GM walikuwa wanamwaga mabilioni kwenye maroboti sehemu nyingine na hawakupata matokeo ya namna hiyo.

Kuna kipande kingine cha kisa ambacho watu wa masoko wanakipenda. Baadae NUMMI ilikuwa inatoa Toyota Corolla na Geo Prizm ya GM, magari mawili yanayokaribiana kabisa, laini moja, mikono ileile. Corolla ikawa inauzwa kwa bei ya juu na bado inatoka kwa wingi, Prizm inadorora, hata ikifika sokoni mtumba inashuka thamani haraka zaidi. Ubora ulioharibiwa miaka 20 mteja haufuti kwa mwaka mmoja. Jina likishachafuka, kiwanda kinaweza kupona na jina bado likawa linaumwa.

Sasa tuje kwenye upande wa GM, kwa sababu hapa ndo pana uchungu. Walikuwa na darasa la wazi ndani ya nyumba yao. Walipeleka mameneja wao NUMMI kujifunza, waliona kila kitu, Toyota hawakuficha. Inasimuliwa kuna bosi aliagiza kipigwe picha kila inchi ya kiwanda ili kinakiliwe. Unapiga picha kamba, ubao wa taa, karatasi za ukutani, huwezi kupiga picha ya kwa nini kiongozi wa timu anakimbia akisikia muziki. Wakajaribu kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, kusini ya hukohuko California, kilichokuwa kinatoa Camaro na Firebird. Timu zikaundwa, kamba zikawekwa. Wafanyakazi wakagawanyika, wapo walioona timu ni mbinu ya kuvunja haki za ukongwe kazini, wengi wa masupavaiza hawakutaka mtu wa chini awe na uwezo wa kusimamisha laini maana bonasi zao bado zilikuwa zinaenda na idadi. Na hata pale mfanyakazi alipoonyesha kwamba kipuri fulani kila siku hakikai sawa, kiwanda hakikuwa na uwezo wa kumlazimisha mhandisi wa makao makuu abadilishe mchoro wala msambazaji abadilishe kipuri. Ukivuta kamba alafu tatizo linaishia palepale kwa sababu nje ya geti hakuna anaesikiliza, kamba inapoteza maana. Van Nuys ikafungwa 1992.

Ukichukua zile kanuni saba za ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, yani mteja kwanza, uongozi, kuwashirikisha watu, kuangalia kazi kama mchakato, kuboresha, kuamua kwa ushahidi na mahusiano na wadau, utaona Van Nuys walichukua ile ya kushirikisha watu wakaacha ya uongozi na ya wasambazaji. Hizi kanuni huwezi kuzichagua kama menyu, moja ikikosekana inaangusha nyingine. Kwetu kuna mfano mzuri wa kuanza kidogo kwa mpangilio, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza 5S mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, yani hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, zile sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, na kutoka pale ikasambaa hospitali nyingine nyingi za Tanzania. Mtu yeyote aliyefanya 5S atakwambia S nne za mwanzo zinawezekana wiki moja, kazi ipo kwenye shikilia, na shikilia ni kazi ya kiongozi kupita kila siku kuangalia.

Sifa za NUMMI zisizidishwe lakini. Kule kazi ilikuwa ngumu. Kwenye kiwanda cha kawaida cha GM mtu alikuwa anafanya kazi kama sekunde 45 kati ya 60, NUMMI ilikuwa inakaribia 57, na hiyo tofauti mwili unaihisi. Mwaka 1993, kipindi wanaingiza modeli mpya, majeraha ya mikono na mgongo yaliongezeka mpaka mamlaka ya usalama kazini ya California ikawaandikia makosa. Baadhi ya wafanyakazi ndani ya UAW walikuwa wanalalamika miaka yote kwamba presha ya wenzako kwenye timu ni kali kuliko ya supavaiza, ukikosa siku moja wenzako ndo wanabeba. Mfumo unaobana mianya yote ya kupoteza muda unabana pia na mwanya wa kupumua, na menejimenti isipokuwa makini ubora wa gari unalipwa na mabega ya watu. Ambacho kiliwaokoa ni kwamba walikuwa na njia ya kulirudisha hilo tatizo mezani, kupitia chama na kupitia timu, wakafanya marekebisho ya vituo.

GM waliendelea kujifunza polepole sana, miaka ya 90 na 2000 magari yao yakaanza kuwa mazuri kweli, ila madeni, pensheni na soko walilolipoteza vilikuwa vimeshawafika shingoni. Juni 2009 wakaingia kwenye ufilisi na wakajitoa NUMMI. Toyota wakabaki peke yao na kiwanda kikubwa kilicho mbali na wasambazaji wengi, kipindi ambacho mauzo yameanguka dunia nzima, wakaamua kufunga. Gari ya mwisho, Corolla, ilitoka tarehe 1 Aprili 2010, baada ya karibu magari milioni 8, na watu kama 4,700 wakakosa kazi. Mwezi uliofuata Tesla wakatangaza kulinunua jengo kwa dola milioni 42. Kwa karibu miaka 25 kiwanda kile kilikuwa kimetoa magari mazuri, kikianza na watu walewale, na hilo ndo linaloniambia kwamba chupa za soda za mwaka 1980 hazikuwa tabia ya wale watu.